Fimbo ya kuvulia kwa flai hapa Dar: namna ya kuichagua, na kujifunza kurusha kabla hujaingia baharini

#1 Kolekole wa Mjimwema

Wakuu, heshima kwenu.

Jioni nyingi jua likishapoa mimi huwa uwanja wa mpira wa hapa kwetu Mjimwema, Kigamboni, nimeshika fimbo ndefu nyembamba, narusha mshipi juu ya majani. Maji hakuna, ndoana hakuna. Wapitaji husimama, bodaboda huzima injini, na swali ni lile lile: "Kaka, unavua nini hapo?" Wengine wakielezwa hucheka wakaenda zao, ila wapo wanaorudi kesho yake. Mwaka huu watu watatu wamenifuata wakiwa wameshanunua vifaa, na wote watatu walikuwa na fimbo isiyofaa kwa bahari yetu. Mmoja alitumia akiba ya miezi mingi. Iliniuma, maana na mimi nilianzia hapo hapo.

Kwanza tuelewane flai ni kitu gani, kwa sababu ukilielewa hili mengine yote yanajipanga. Mshipi wa nailoni tuliokua nao una chubwi. Uzito uko mwishoni: unazungusha, unaachia, chubwi inaruka na nailoni inafuata. Flai haina uzito wa maana. Ni ndoana iliyofungiwa manyoya ya kuku, singa za mbuzi na nyuzi hadi ifanane na dagaa au kamba mdogo. Ukiitupa kwa mkono inaanguka miguuni pako. Kinachorushwa ni mshipi wenyewe, ambao ni mnene, umevikwa plastiki, na uzito wake umepangwa kiwandani. Mshipi ukiwa hewani unaikunja fimbo, fimbo inajinyoosha na kuusukuma, na flai inakwenda nyuma yake kama mkia wa kishada.

Kwa hiyo fimbo na mshipi ni mke na mume. Juu kidogo ya mpini wa kila fimbo ya flai utaona urefu, mara nyingi futi 9, na namba. Namba hiyo haisemi fimbo ina nguvu kiasi gani, inasema inataka mshipi wa uzito gani. Wanapima futi 30 za mwanzo za mshipi, yaani kama mita 9. Za mshipi namba 5 zina uzito wa gramu 9 hivi, za namba 8 zina karibu gramu 13.6, za namba 10 zina gramu 18. Ukiona tofauti ni ndogo, kumbuka gramu hizo ndizo zinazopambana na upepo wa kusi kwa niaba yako.

Fimbo yangu ya kwanza ilikuwa namba 5, laini, ya kuvulia samaki wadogo wa mito ya baridi. Aliyeniuzia aliniambia inafanya kila kitu. Nikaenda nayo pwani mwezi wa saba, kusi ikiwa imechachamaa, flai kubwa yenye macho ya madini ya risasi ya kuizamisha. Mrusho wa tatu au wa nne flai ikarudi na upepo, ndoana ikazama nyuma ya sikio. Ilitolewa zahanati. Tangu siku ile sirushi bila kofia na miwani, na jino la kila ndoana nalibana kwa koleo lilale, ili ikiingia mwilini itoke ilikoingilia. Fanyeni hivyo hivyo hata kama hamtakubaliana na neno lolote jingine humu.

Kwa fukwe za Dar, fimbo moja ya kuanzia ni namba 8. Inatosha kwa changu, kwa chuchunge, kwa kolekole wa kilo moja hadi tatu, inabeba flai yenye macho ya risasi, na haichoshi bega kwa saa mbili. Namba 9 au 10 ni ya mtu mwenye njia ya kufika kwenye kina, anayetafuta kolekole wakubwa au nguru. Wapo wanaoanza na namba 12 kwa sababu wameona video za kolekole wa Shelisheli. Msifanye hivyo. Namba 12 ni mzigo, na mwanafunzi akichoka mkono anaanza kurusha kwa kukurupuka, na tabia hiyo haitoki kirahisi.

Urefu ni futi 9, usihangaike. Chukua ya vipande vinne: kila kipande ni kama sentimita 70, unaingia nayo kwenye pantoni na kwenye daladala bila kumchoma mtu.

Sasa ugumu wa fimbo. Zipo ngumu zinazopinda karibu na ncha tu, zipo laini zinazopinda mpaka mpinini, na zipo za katikati. Maduka husifia zile ngumu kwa kuwa zinarusha mbali. Kweli zinarusha mbali, kwa mtu anayejua. Anayejifunza anahitaji kuusikia mshipi mkononi, ajue sasa umenyooka nyuma, sasa unavuta. Fimbo ngumu mno haimwambii chochote, na ile laini mno kusi inaionea. Nunua ya katikati inayoelekea ugumu. Na usipime fimbo kwa kuitikisa dukani, kwa sababu bila mshipi haina la kusema. Omba iwekwe mshipi, toka nayo nje, rusha. Kama hairuhusiwi, angalau unganisha vipande vyote uone havichezi, kisha pitisha pamba ndani ya kila pete. Pamba ikinasa, pete ina ufa, na ufa huo utaula mshipi wako.

Kama fedha ni ya mawazo, punguza kwenye fimbo, usipunguze kwenye mshipi. Nalisema hili kwa nguvu zangu zote. Fimbo ya bei ya kawaida yenye mshipi mzuri itakufundisha. Fimbo ya kifahari yenye mshipi mbaya itakukatisha tamaa ukadhani tatizo ni wewe. Na kuna jambo la kwetu hapa ambalo wauzaji wengi hawalitaji: mishipi mingi imetengenezwa kwa maji ya baridi. Ukiileta Dar kwenye joto la nyuzi 32, plastiki yake inalegea kama tambi, inanata kwenye pete na haiteleziki. Tafuta mshipi ulioandikwa kuwa ni wa nchi za joto, unaoelea, wenye uzito mwingi upande wa mbele. Huo tu. Wa kuzama utanunua baadaye.

Rili, yaani gurudumu la kuviringia mshipi, nitaipitia haraka. Kwa namba 8 iwe na breki iliyofungwa vizuri isiingize chumvi na mchanga, na chini ya mshipi iwe na nafasi ya uzi wa akiba usiopungua mita 150. Ukirudi nyumbani, fimbo na rili vioshwe kwa maji yasiyo na chumvi, kila safari, hata kama umechoka.

Lida, yaani ile nailoni inayounganisha mshipi mnene na flai, unaweza kuitengeneza mwenyewe kwa nailoni za Kariakoo. Urefu wake karibu na wa fimbo: nusu ya kwanza nene, robo ya kati, robo ya mwisho nyembamba inayohimili kilo 7 au 8. Inapungua taratibu ili nguvu ya mshipi ifike kwenye flai bila kukatika njiani. Kama kuna mzia eneo hilo, weka kipande cha waya mbele, maana meno yake hayabembelezi nailoni.

Kurusha naandika kwenye posti inayofuata. Hapo ndipo kwenye kazi.

#2 Kolekole wa Mjimwema

Tafuta uwanja wenye majani. Lami na zege vinakwangua mshipi. Mwisho wa lida funga kipande cha sufi ya rangi kali, ukubwa wa ukucha wa dole gumba. Hakuna ndoana mpaka nitakaposema.

Shika mpini kawaida, dole gumba juu. Mshipi utoke mita 8 tu mbele yako, umenyooka, na ncha ya fimbo iwe karibu na ardhi. Mshipi ukiwa umelegea, nusu ya mwendo wa mkono inaishia kuondoa ulegevu na fimbo haikunjiki hata kidogo.

Sasa kumbukeni utotoni. Tulikuwa tunabandika tonge la udongo kwenye ncha ya kijiti, tunalirusha juu ya mwembe. Ukikurupuka mwanzoni, tonge linachomoka nyuma yako. Ukianza polepole, ukazidisha mwendo, halafu ukasimama ghafla, tonge linakwenda mbali ajabu. Nguvu ilikuwa kwenye kule kusimama. Fimbo ya flai ni kijiti kile kile. Anza taratibu, zidisha, simama kabisa. Mkono usipepesuke baada ya kusimama.

Ukisimama, mshipi unakwenda nyuma na kutengeneza kitanzi kinachofunguka hewani. Subiri. Hapa ndipo karibu kila mtu anaharibu. Anaogopa mshipi utaanguka, anaurudisha mbele kabla haujanyooka. Ukisikia mlio kama mjeledi nyuma ya kichwa, hukusubiri, na ingekuwa baharini flai ingekuwa imekatika. Mshipi ukiwa mrefu zaidi, unasubiri zaidi. Geuza shingo uangalie. Hakuna aibu kuangalia nyuma, mimi naangalia mpaka leo.

Zoezi lililonitoa gizani ni hili. Usirushe mbele na nyuma mfululizo. Rusha nyuma, simama, uache mshipi uanguke majanini. Geuka uutazame. Je, umenyooka kama kamba ya kuanikia nguo, au umejikunja kama nyoka? Ukinyooka, rusha mbele, uache uanguke, utazame tena. Wiki nzima hivyo tu. Ukiharibu unaona kosa limelala pale chini linakungoja ulichunguze, wakati hewani lingeshapita.

Zoezi la pili: laza fimbo ubavuni, rusha kwa mlalo usawa wa kiuno, kulia na kushoto. Kitanzi unakiona mbele ya macho yako. Ncha ya fimbo ikisafiri kwenye mstari ulionyooka, kitanzi kinakuwa chembamba na kinapasua upepo. Ncha ikichora upinde kama wa mvua, kitanzi kinakuwa kipana kama mlango na upepo unakimeza. Kinachofanya ncha ichore upinde ni kifundo cha mkono kuvunjika kwenda nyuma. Nilifunga mpini kwenye mkono kwa leso kwa siku nne mpaka kifundo kikatulia.

Kuhusu saa. Video nyingi zinasema simamisha fimbo kwenye 10 mbele na kwenye 2 nyuma. Hizo ni tarakimu za kwenye uso wa saa, ambazo sisi tunazisoma saa nne na saa nane. Jirani yangu alizihesabu kwa saa zetu akawa analaza fimbo mpaka chini. Hata ukizielewa, zinafaa kwa mshipi mfupi tu. Mshipi ukirefuka, mwendo wa fimbo nao urefuke. Lefty Kreh, mwalimu wa Marekani aliyefariki 2018, alifundisha miaka mingi kinyume cha hiyo saa: anza na ncha chini kabisa, ipeleke fimbo mbali nyuma, kwa sababu kadiri fimbo inavyosafiri zaidi ndivyo inavyokusaidia zaidi. Mimi nilipofika mita 12 ndipo nilipomwelewa.

Vifundo vidogo kwenye lida ambavyo watu wanasema vimefungwa na upepo, mara nyingi umevifunga wewe. Umekurupuka katikati ya mrusho, ncha ikazama, mkia wa kitanzi ukapita chini na kujikata. Kata kipande hicho ufunge upya, maana nailoni yenye kifundo inapoteza nguvu nyingi.

Dakika 20 kila siku zinashinda saa tatu za Jumamosi. Omba mtu akupige video ya simu kutoka ubavuni. Mkono unadanganya, video haidanganyi.

Angalizo jingine: fimbo hizi ni za kaboni na zinapitisha umeme. Usirushe chini ya nyaya za umeme, na radi ikianza kunguruma, ilaze chini uondoke.

#3 Bamvua la Kunduchi

Mwanangu, nimesoma yote. Mimi nimevua kwa mshipi wa mkono na kwa ngalawa tangu kijana, na hiyo fimbo yako sijaishika. Lakini naona umezungumza sana juu ya mkono na hujagusa maji. Samaki hana habari na fimbo, anafuata maji.

Hapa kwetu siku za bamvua, mwezi mwandamo na mwezi mpevu, maji hujaa kiasi cha saa kumi na kupwa kiasi cha saa nne. Kila siku inayofuata yanachelewa karibu saa nzima kasoro kidogo. Mtu wa kusimama kwa miguu kama wewe afike maji yakiwa yamekupwa, autazame mwamba ukiwa wazi, aone mikondo na mashimo yalipo. Maji yakianza kujaa, samaki wanapanda na maji hayo hayo kupitia mikondo. Hapo ndipo pa kutupa. Wakati wa maji mafu hakuna mwendo, na kolekole hapendi maji yaliyolala.

Ukiona simu, wale dagaa wa baharini, wanaruka juu kama mvua imegeuka, kuna mkubwa chini yao. Usitupe katikati yao, tupa pembeni.

Na miguu: usinyanyue unyayo, buruta. Taa amelala mchangani, ukimgusa ubavuni ataondoka, ukimkanyaga atakupiga mwiba. Na usiuache mgongo wako kwa maji yanayojaa, nyuma yako kuna mkondo uliouvuka ukiwa goti, utarudi ukiukuta kifua.

#4 Kolekole wa Mjimwema

Shikamoo mzee wangu. Hii posti ingekuwa ya kwanza kwenye uzi. Nimejifunza namna ya kutupa pembeni ya simu leo, miaka yote nilikuwa natupa katikati na wanatawanyika.

Niongeze kwa wenye fimbo: kwa kuwa maji yanapanda kupitia mikondo, hamhitaji mrusho wa mita 25. Samaki wangu wengi wameshika ndani ya mita 15. Mrusho wa mita 15 ulionyooka, flai ikafika ikiwa tayari kuvutwa, unashinda wa mita 25 uliolala kama rundo la tambi, kwa sababu samaki akigusa kwenye ulegevu huo hutajua.

#5 Dada wa Tegeta

Habari kaka. Nimevutiwa sana ila nina maswali. Mimi mwili wangu ni mdogo na mkono si mkubwa. Namba 8 nitaiweza? Halafu nina fimbo niliyonunua mtandaoni, seti nzima, imeandikwa futi 9 namba 8, ila nikirusha mshipi unanyong'onyea. Nimeonyeshwa na binamu yangu, yeye anatumia mabavu na kwake unakwenda kidogo, mimi hata hauendi.

#6 Kolekole wa Mjimwema

Dada, karibu sana. Nijibu la mwili kwanza. Marekani kuna mama anaitwa Joan Wulff, mzaliwa wa 1926. Mwaka 1951 alishinda shindano la kitaifa la kurusha mbali akishindana na wanaume watupu. Hakuwashinda kwa misuli. Mtu mwenye mabavu anajifunza kwa shida kwa sababu misuli inamruhusu kukosea: anasukuma, mshipi unakwenda kidogo, anaridhika. Wewe mshipi unakuambia ukweli tangu siku ya kwanza. Binamu yako mpumzishe kidogo kwenye ualimu.

Kwa mkono mdogo angalia unene wa mpini wa koki, lile gome laini la vizibo vya chupa. Unaweza kuupunguza kwa msasa laini mpaka vidole vikutane vizuri na kiganja. Mimi nimempunguzia dada yangu milimita chache tu na malalamiko ya kiganja yakaisha.

Kuhusu seti yako, nadhani tatizo ni mshipi. Seti nyingi za bei nafuu zinakuja na mshipi mwepesi kuliko namba iliyoandikwa kwenye fimbo. Pima: kata uzi wa urefu wa mita 9.14, ulinganishe na mshipi kuanzia pale unapoanza unene, ukiacha kile kipande chembamba cha mwanzoni. Viringisha kiasi hicho, uweke kwenye mizani ndogo kama ya masonara. Iwe karibu gramu 13.6. Ikisoma 10, una mshipi wa namba 5 au 6 kwenye fimbo ya 8, na hakuna mwalimu duniani atakayeufanya uikunje fimbo hiyo. Fimbo yako bakia nayo. Badilisha mshipi.

#7 Mashoto

Mkuu, mimi natumia kushoto. Nimefanya mazoezi uwanjani mwezi mzima, mita 15 napiga bila shida. Juzi nimekwenda Kigamboni na rafiki yangu wa mkono wa kulia, tumesimama pamoja tunaangalia bahari. Yeye flai inampiga mgongoni kila mara, mimi hata haikunigusa. Nimeshangaa kwa sababu yeye ndiye mzoefu.

#8 Kolekole wa Mjimwema

Umegusa kitu ninachokipenda kuliko vyote kwenye uzi huu.

Fukwe zetu nyingi zinaangalia mashariki. Kusi inatoka kusini mashariki, kwa hiyo ukisimama kuitazama bahari inakujia mbele kwa upande wa kulia. Anayerusha kwa kulia, mshipi wake unapita upande ule ule ambao upepo unaingilia, na upepo unausukuma juu ya kichwa chake. Wewe mshipi unapita kushoto, kusi inausukuma mbali nawe. Msimu wa kusi hapa Dar ni wa mashoto. Ikigeuka kaskazi, kuanzia mwezi wa kumi na mbili hivi, upepo unatoka kaskazini mashariki, unaingilia kushoto kwako, na zamu ya kupigwa mgongoni itakuwa yako. Jiandae mapema.

Dawa ziko kadhaa. Ya kwanza ni kuamka. Alfajiri kabla matlai, upepo wa kutoka baharini, haijashika, mara nyingi maji yametulia, na nusu ya samaki wangu wa kusi nimewapata kabla ya saa mbili asubuhi. Ya pili, inamisha fimbo ipite juu ya bega la pili huku mkono ukibaki ulipo, mshipi usafiri upande wa salama. Ya tatu, ambayo naitumia zaidi: geuka, uupe mgongo bahari, rusha kuelekea nchi kavu kama mrusho wa mbele, na ule wa nyuma ndio uuachie uende baharini. Flai inakuwa upande wa chini ya upepo muda wote. Ndiyo maana naling'ang'ania zoezi la kuuacha mshipi uanguke nyuma na kuutazama. Mwenye mrusho mzuri wa nyuma ana mirusho miwili.

Upepo wa usoni moja kwa moja, nyuma rusha juu kidogo, mbele rusha chini, kitanzi kifungukie karibu na maji. Usiongeze nguvu. Ukiongeza nguvu kitanzi kinapanuka na upepo unakipokea kwa mikono miwili.

Na sasa kwa kuwa unafika mita 15, anza kuutumia mkono usioshika fimbo. Wakati fimbo inazidisha mwendo, mkono huo unavuta mshipi kwa kifupi na kwa haraka, halafu unaurudisha juu kufuata mshipi unavyokwenda. Kuvuta nyuma mara moja, mbele mara moja. Mshipi unapata mwendo bila wewe kutia nguvu kwenye fimbo. Jifunze kwa mlalo, majanini, kila mrusho uuache uanguke. Ukijaribu hili kabla mrusho wa kawaida haujakaa, utakuwa na makosa mawili badala ya moja.

#9 Mto Kilombero

Mimi natoka Ifakara. Kuna wageni huja kuvua tigafishi kwa flai kwenye mito ya huku. Je, hiyo namba 8 inatosha?

#10 Kolekole wa Mjimwema

Ndugu, yule wa Kilombero na Rufiji ni Hydrocynus tanzaniae, amepewa jina la nchi yetu kabisa. Taya lake ni mfupa na meno yake yako nje. Chukua namba 9, waya mbele ya flai lazima, na akigusa usiinue fimbo. Vuta mshipi kwa mkono, moja kwa moja, ndoana izame kwenye taya. Ukiinua fimbo inapinda tu na ndoana inateleza. Huo ndio uvutaji hata wa kolekole.

Ile fimbo yangu namba 5 sikuitupa. Niliipeleka Mufindi kwa trauti kwenye maji ya baridi ya mashamba ya chai, na kule ilikuwa fimbo nyingine kabisa, tamu mkononi. Haikuwa na kosa. Ilikuwa imeuzwa kwa bahari isiyo yake.

#11 Pantoni ya Asubuhi

Swali fupi. Bongoyo na Mbudya panafaa kurusha? Maji yale ni masafi sana.

#12 Kolekole wa Mjimwema

Hapana, mkuu. Bongoyo, Mbudya, Pangavini na Fungu Yasini ni maeneo tengefu ya bahari tangu 1975. Kuvua hairuhusiwi, hata kwa flai, hata kama unamrudisha samaki majini. Na mimi nakubaliana nalo kwa moyo wote. Mwamba wetu umeteswa na baruti miaka mingi, hivyo visiwa ndivyo pa kuzalia. Nenda kaogelee, beba miwani ya kuzamia, uwatazame. Kabla hujarusha popote pengine pita ofisi ya uvuvi ya wilaya yako uulize leseni, na ukifika ufukweni msalimie mwenye mtego au wavu wake pale. Hao ndio wenyeji, na mara nyingi watakuonyesha mkondo.

#13 Dada wa Tegeta

Kaka, narudi na mrejesho. Sonara wa mtaani kwetu alinishangaa nilipompelekea mshipi, ila alipima. Gramu 9.8. Nimeagiza mwingine wa nchi za joto kwa mtu aliyekuwa anarudi safari, umefika wiki tatu zilizopita. Siku ya kwanza nilipouweka nilihisi fimbo inakunjika mkononi, nikasimama nikanyamaza. Sikujua kama ndivyo inavyopaswa kuwa.

Nimefanya lile zoezi la kuuacha uanguke, jioni 16. Nyuma unanyooka mara saba kati ya kumi. Mbele bado unajikunja mwishoni, sufi inarudi inaanguka juu ya mshipi. Nimeweka video.

#14 Kolekole wa Mjimwema

Nimeitazama mara nne, dada. Mrusho wako wa nyuma ni mzuri kuliko wangu wa mwaka wa kwanza, nakuambia kweli. Mbele tazama bega lako sekunde ya 11: linatangulia. Unausukuma mshipi kwa mwili mzima, kisha unasimama ukiwa umechelewa, ncha inaelekea chini. Simamisha fimbo mapema zaidi, ukiwa unatazama vilele vya ile minazi iliyo nyuma ya goli badala ya kuutazama mwamba wa goli. Ukishasimama ndipo ushushe ncha taratibu, mshipi ukiwa tayari unafunguka.

Jumapili ijayo ni bamvua. Maji yatakuwa yamekupwa kiasi cha saa nne asubuhi, kwa hiyo tutakuwa uwanjani Mjimwema saa moja na nusu kwa sufi, kisha saa nne tunashuka wote kuutazama mwamba ukiwa wazi, halafu tunayangoja maji. Mashoto naomba uje, utuonyeshe kusi kwa mkono wako. Mzee wa Kunduchi, kama afya inaruhusu, tutakufuata na gari pantonini. Kila mtu aje na kofia, miwani, viatu vya kuingia navyo majini na maji ya kunywa. Ndoana zikiwa zimeshabanwa.